Koti Ulilolikuta na Mikunjo

Bukavu, Jumapili, baada ya misa

Fidele mwanangu,

Maneno haya ni yangu, lakini mkono ni wa dada yako Nsimire. Unajua kalamu ilinikuta nimeshakuwa mtu mzima. Jina langu naliandika, anwani za vifurushi nazisoma, zaidi ya hapo natafuta mtu. Nimemwomba aandike ninavyosema na asinipambe. Amejibu kwamba ataandika Kiswahili cha darasani, maana masista wa shuleni kwake hawakipendi hiki chetu cha mtaani Kadutu. Basi ukiona humu nimesoma kuliko nilivyo, ujue ni yeye. Pale watu wanapozungumza tu, nimemwambia ayaache maneno yao kama yalivyotoka mdomoni.

Mvua imeshika tangu tutoke kanisani. Maman yako amekwenda kwa dada yake kukutafutia blanketi, nawe umekwenda kuwaaga rafiki zako. Kila mara nasimama kwenda mlangoni kuangalia kama unarudi, kisha naomba usirudi kwanza. Nsimire ananingoja na kalamu hewani. Hii ni mara ya nne nasimama.

Kesho kabla ya jua utawasha pikipiki ya kampuni na kushika njia ya Shabunda na mfuko wa barua mgongoni. Habari za kula, kulala na kusali nimemwachia maman yako, naye amekwisha kukuambia mara mbili mbili. Mimi nataka kusema juu ya koti.

Ijumaa uliporudi kutoka gereji ya mapadri, ulilikuta juu ya kiti. Ulikuwa umeliacha ndani ya karatasi, jinsi Tonton wako, kaka wa maman yako, alivyolituma kutoka karakana yake ya ngozi kule Mudaka: jeusi, linang'aa, linanuka magome, na mikono yake imesimama mbele yenyewe kama mikono ya mtu aliyekamatwa na polisi. Ulilikuta limekunjika viwikoni, limepoteza mng'ao mabegani, na kwenye kola kuna alama ya jasho langu.

"Papa, umefanya nini? Hii koti ilikuwa mupya!"

Ukaligeuza mbele na nyuma.

"Kule batu batasema nimeiokota mu njia!"

Nikasema, "Koti ya kazi si ya kuonyesha." Ni neno la kijinga. Wewe ukatoka, na tangu hapo tunasalimiana tu, kama wapangaji.

Ukweli ni kwamba nililivaa siku nane, ulipokuwa unalala kule gereji kujifunza kuendesha. Nililivaa nikipalilia maharage. Nililivaa nikichota maji. Maman yako alisimama mlangoni akaniuliza, "Baba Fidele, unaenda wapi na ile koti? Kuku iko nakuogopa!" Jirani yetu, yule fundi wa matofali, alikuja mpaka kwenye ua ahakikishe kwa macho yake, akiitafuta pikipiki. "Muzee, tukutuku iko wapi? Ao njo hii jembe?" Jioni nilikaa kwenye kigoda, mikono mbele kana kwamba nashika usukani, nikikunja viwiko na kugeuza shingo kushoto na kulia, mpaka Nsimire akaacha kusoma na kunitazama. Buti zako, zilizokuja pamoja na koti na glavu, nilizivaa na soksi mbili, kwa kuwa tangu mwaka jana kiatu kimoja kinatuenea wote wawili. Zilinichuna visigino. Afadhali visigino vyangu.

Ngozi mpya, Fidele, haijui bado kwamba ndani yake kuna mtu. Inataka kubaki ilivyokatwa. Ukianza nayo safari siku ileile, ni yenyewe inayokuendesha: unataka kugeuka kutazama nyuma, kola inakataa, unataka kukunja kiwiko kwenye kona, inakupa nusu tu. Lazima ifundishwe polepole nyumbani, pasipo na lori. Haya niliyajua kwa gharama, na nataka ujue niliyajuaje.

Koti langu la kwanza lilikuwa kuukuu la askari, nililopewa nilipopata kazi ya kupeleka barua na dawa kwa pikipiki kwenye bonde la Ruzizi, wakati mji huu bado unaitwa Costermansville. Lilikuwa limekauka kama mkeka. Mzee mmoja wa Kabare aliniambia nilipake siagi ya ng'ombe, kidogo tu, kiasi cha punje ya haragwe, niipashe moto kwa viganja kwanza. Mimi nikaona siagi ni ya wazee wa vijijini. Nyumbani kulikuwa na mawese mengi, nikalipaka mawese, kwa mkono mkunjufu, kama mtu anayepaka mtoto. Likawa laini siku mbili. Siku ya tatu likaanza kunuka kama sufuria. Wenzangu kazini waliponiona wakaanza, "Koti yako inatoka jikoni, muko na ugali hapo?" Wiki haikuisha, panya wakaja usiku wakala mkono wa kushoto mpaka kwenye kiwiko. Maman yako, wakati huo amekubeba tumboni, alicheka hadi akakaa chini.

Ninakueleza hilo kwa sababu linachekesha, na kwa sababu naliogopa linalofuata. Nsimire amechovya kalamu mara ya pili na mimi bado nasimulia panya.

Lililofuata ni hili.

Unajua Tonton wako hana mguu wa kulia kuanzia chini ya goti. Umekua ukisikia kwamba kwenye mteremko wa Ngomo lori lilitujia katikati ya barabara bila honi, nikashindwa kulikwepa. Ndivyo nilivyowaambia wote. Ulipokuwa mdogo ulichora lile lori kwa mkaa ukutani, na ukalichorea meno.

Nilipofika hapo, dada yako akaacha kuandika. Unajua alivyo, anaweza kumaliza siku bila kutamka maneno kumi. Akauliza huku anatazama karatasi, "Papa, juu ya lori, nani alisema vile?"

"Batu banasema."

"Nani alisema wa kwanza?"

Nikaenda mlangoni. Nikarudi.

"Mimi."

Akaliandika. Sasa ngoja aandike na mengine.

Ulikuwa na wiki sita. Tulikuwa tunajiandaa kukubatiza, na maman yako alitaka wageni wale wali wa mchele wa Luberizi, si ugali. Mimi nilikuwa na barua za kupeleka kule kule bondeni, na Tonton wako akasema atapanda nyuma, tutarudi na gunia. Hatukuruhusiwa kubeba mtu. Alipandia nje ya mji, nyuma ya migomba, tukicheka kama watoto.

Mvua ilitukuta kabla ya Nyangezi, tukalala pale kwa mtu ninayemfahamu. Glavu zangu zilikuwa mpya, wiki moja tu, ngozi nene ya ng'ombe, fahari yangu yote. Zilikuwa zimelowa zinachuruzika. Mwenyeji wetu alikuwa na mbabula, jiko la bati, yenye makaa mazuri. Nikazitandika juu yake kwenye vijiti, kama samaki, nikalala usingizi wa mtu aliyefanya jambo la akili.

Asubuhi zilikuwa zimekauka. Zilikuwa zimesinyaa pia, na vidole vimenyooka, vigumu, havikunjiki. Mwenyeji akazigonga mezani, zikalia ko, ko.

"Acha hizi," akasema. "Hii haiko tena ngozi. Iko ganda ya muti."

Tonton wako naye akasema, "Shemeki, endesha mikono mitupu, njia si mbali."

Lakini mjumbe wa barua bila glavu, Fidele, machoni pangu alikuwa mtu aliyeazima pikipiki. Kule Luberizi walikuwa wameanza kunijua kwa glavu zile. Nikasukuma vidole ndani kwa nguvu, nikasema zitalainika njiani.

Umepita Ngomo ukiwa ndani ya basi, umeona barabara inavyoshuka kutoka milimani kona juu ya kona, na upande mmoja hakuna kitu ila hewa. Kwenye kona ya tatu au ya nne lori lilikuwa linapanda. Lilikuwa upande wake. Nalirudia kwa kuwa sijawahi kulisema mbele ya mtu: lilikuwa upande wake, na dereva alipiga honi mara mbili. Mimi ndiye niliyekuwa nimepanua kona, nikaingia upande wake. Niliviambia vidole vishike breki. Nilivihisi vinasukuma ndani ya glavu, na glavu imesimama palepale. Kiganja kilikunjika, vidole havikukunjika. Nikakanyaga breki ya mguu peke yake, gurudumu la nyuma likateleza kwenye matope, tukalala ubavu, tukaenda hivyo mpaka chini ya lori. Mimi nilitupwa pembeni. Mguu wa Tonton wako haukutupwa.

Bado kuna kitu kimoja. Watu wa kwenye lori walishuka wakipiga kelele, wanamvuta. Mimi niliinuka, nikavua glavu, moja kwa meno, nikazitupa bondeni. Halafu ndipo nikaenda kumshika. Kwanza glavu, halafu yeye.

Nilipoulizwa, nikasema lori lilikuwa katikati. Yule dereva alifukuzwa kazi wiki ileile. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti nyembamba, na alilia mbele ya wote akisema, "Nilipiga honi! Muulize yule mwenye mguu!" Mwenye mguu alikuwa hospitalini hajitambui. Alipozinduka, hakuna aliyemuuliza tena. Nilisikia baadaye kwamba dereva analima mpunga kule Luberizi. Miaka yote hii sijala wali wa mchele wa kule bila kumkumbuka, nawe umewahi kuniuliza kwa nini namwachia maman yako sahani yangu.

Ulibatizwa kimya kimya, kwa maharage.

Tonton wako hospitalini aliniuliza neno moja tu. Alikuwa anatazama dari.

"Shemeki, zile glavu ziko wapi?"

"Zilipotea," nikasema.

"Aa," akasema. "Zilipotea."

Akafumba macho. Hatukuzungumza habari hiyo tena mpaka leo. Alipotoka akajifunza kushona ngozi, kazi ya kukaa, akaoa, akapata watoto, akafungua karakana pale Mudaka. Nikimtembelea ananipa kiti kizuri kuliko chake. Nami nilijiambia kwamba aliniamini. Mtu aliyekaa nyuma ya mwingine kwenye pikipiki anaona mgongo tu, nilijiambia, haoni barabara.

Unakumbuka anavyowafokea vijana wake wa karakana? Ulikuwa unamwigiza ulipokuwa mdogo, tunacheka wote. Kijana akisogeza kipande chenye maji karibu na jiko, yeye anapiga nyundo mezani: "Ondosha pale! Unataka kuua mutu?" Hata mimi nilicheka. Mvua hii nayo haiishi. Nimekwenda tena mlangoni.

Basi, Alhamisi. Koti lilikuwa limeanza kukubali, buti pia, zikabaki glavu. Nilikuwa nimeziogopa. Nilizitoa kwenye karatasi jioni ile, nikazivaa, nikashika mpini wa jembe ili zijifunze kufumba. Mkono wa kushoto ulikuwa mgumu kama ilivyo kawaida. Wa kulia nao ulikuwa mgumu, ila vidole viwili, cha shahada na cha kati. Hivyo vilikunjika mara moja bila kuombwa. Nikadhani nimekosea. Nikavua, nikageuza upande wa ndani kwenye mwanga wa mlango.

Tonton wako ameishona glavu nzima kwa ngozi ya ng'ombe, isipokuwa upande wa ndani wa vidole hivyo viwili. Pale ameweka ngozi ya mwanambuzi, nyembamba kama sikio. Mishono ameipeleka nje ili isikae kati ya ncha ya kidole na chuma. Kwenye maungio amepunguza ngozi kwa kisu mpaka inakunjika kwa uzito wake. Ni kazi ya siku nyingi. Ukiitazama kwa juu huoni kitu, nyeusi yote.

Vidole viwili vya mkono wa kulia, Fidele. Vya breki. Mtu ambaye hajaendesha pikipiki hata siku moja maishani mwake.

Nilikaa kwenye kigoda na glavu ile mpaka maman yako akaniuliza kama naumwa. Tonton wako alijua. Alijua hospitalini, alipouliza. Alijua kila aliponipa kiti. Hakunidai neno, na mtoto wangu alipopata pikipiki, alikaa na mguu wake mmoja akashona mahali palepale mkono wangu uliposhindwa.

Ndiyo maana Ijumaa ulipouliza nimefanya nini, nilikupa lile neno la kijinga.

Nimetembeatembea humu ndani kama kuku anayetafuta pa kutagia, na Nsimire ananiambia karatasi inakaribia kwisha. Basi nikupe yaliyobaki yalivyo, bila mpangilio. Mvua ya msituni itakulowesha kila siku. Ukifika, futa matope kwa kitambaa chenye maji kidogo, jaza koti majani makavu au gazeti, litundike mahali penye upepo, mbali na moto, mbali na jua la mchana. Lisipokauka, livae likiwa bichi. Ni baridi, lakini linakunjika. Siagi nimeifunga kwenye kopo la maziwa ndani ya mfuko wa kushoto, ni ya Kabare. Ikiisha, subiri upate nyingine, usiazime mawese kwa mtu hata akikusihi. Na ikitokea siku umekosea, ukakausha vibaya, glavu ikalia ko, ko juu ya meza, itupe usiku ule ule, endesha mikono mitupu. Watu wa Shabunda wacheke. Mimi nilikataa kuchekwa na watu wa Luberizi, na walionilipia ni wengine.

Lori lile ulilolichora ukutani, nakuomba ulitoe meno.

Huwezi kujua ni mara ngapi nilifungua mdomo. Ulipofikisha miaka saba, ulipopata komunyo, ulipoanza gereji. Kila mara nilijiambia ukikua zaidi utaelewa vizuri zaidi. Ni mimi niliyekuwa nangoja kukua. Sasa unaondoka, na sitaki ukashike ile breki huku unaamini kwamba ajali ni madereva wengine.

Koti nimelikunja, ni kweli. Ungependa ufike nalo jipya, nami nakuelewa, nilikuwa na fahari hiyo hiyo. Hasira yako siiondoi, ni yako. Ila nisingeweza kukupa ngozi ngumu tena, hata ungenichukia.

Nsimire ameniuliza, "Papa, nifanye kopi ya pili, ya Tonton?"

Nimemjibu, "Hapana, mwanangu. Ile ya Tonton nitaipeleka na mudomo."

Kesho utakaposhika njia ya msitu, mimi nitashika ya Mudaka, kwa miguu. Na kutoka Mudaka, Tonton wako akiniruhusu kuinuka kwenye kile kiti, nitateremka hadi Luberizi kumtafuta mtu mnene mwenye sauti nyembamba. Sijui nitamwambia nini. Labda nitaanza na honi, kwamba niliisikia, mara mbili.

Barua hii dada yako atakupa leo hii utakaporudi, sitakuwa karibu utakapoisoma. Asubuhi nitakuwa mlangoni na fimbo yangu na koti la mvua. Ukitaka kuniaga, niage. Ukitaka kwenda kimya, nenda, sitakushika. Lakini kabla hujawasha, vaa glavu, simama, fumba breki mara tatu, uvisikie vile vidole viwili vinavyokwenda. Pale chini barabara inapopinda kwenye mikaratusi, utapunguza mwendo. Nitasimama nisikilize. Nikishasikia umepunguza, na mimi nitaanza kutembea.

Ni mimi papa yako,
na mkono wa Nsimire